Waacheni Wazee Wapande Baiskeli Yao

 

Tangu Alhamisi simu yangu haijapumzika. Wengi mmenitumia ile video ya mzee na mkewe walioanguka na baiskeli kwenye barabara ya majani chai, na karibu wote mnauliza jambo moja: mchungaji, umewaambia nini? Nimewaambia waendelee kupanda. Najua jibu hilo halitawapendeza baadhi yenu, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

Nianze na jambo lenyewe lilivyokuwa, maana video ni ya sekunde chache na matembezi yalikuwa ya saa nzima na zaidi. Nimeketi nao kwao, nimekunywa chai yao, na wamenipa ruhusa kusimulia mradi nisitaje majina. Mzee ana miaka 71, mama ana 66. Baiskeli ni ile nyeusi ya zamani ambayo watu huiita Black Mamba, ya breki za vyuma, nzito kama ndama. Miaka ile ilibeba maziwa, ikabeba mahindi kwenda kwa posho mill, ikabeba mtoto mgonjwa kwenda zahanati. Baadaye watoto wakakua, bodaboda zikajaa, nayo ikawekwa kwenye banda la ng'ombe hadi kuku wakaifanya keria yake mahali pa kulala. Mwaka huu mzee aliitoa, akaiosha, akaipeleka kwa fundi, ikarudi na matairi mapya.

Basi siku ambayo hawachuni majani, hutoka. Mama hukaa kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa. Mahali palipo tambarare mzee anakanyaga. Kwenye mlima wote wawili wanashuka na kusukuma, na ninyi mnajua milima yetu, kwa hiyo hiyo mnayoiita safari ya baiskeli nusu yake ni kutembea kwa miguu. Hupita katikati ya mashamba, kwenye ile mikaratusi, hadi darajani. Hapo hukaa. Wanakula mahindi ya kuchemsha waliyobeba. Wanaangalia nani amepogoa chai yake na nani ameiacha ikawa msitu. Halafu wanarudi kabla ya mvua ya alasiri, ambayo kwetu haihitaji nabii kuitabiri.

Alhamisi hiyo usiku wake kulikuwa kumenyesha. Lori la majani lilikuwa limepita na kuacha mtaro kwenye udongo mwekundu. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro, mzee akabana breki, baiskeli ikalala taratibu upande wa shamba. Chai iliyochunwa vizuri huwa imelingana juu kama meza, na meza hiyo ndiyo iliyowapokea. Mama alichubuka kiwiko. Mzee aliteguka kidogo kifundo cha mguu. Cheni ikatoka. Hayo ndiyo madhara yote. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama, akawainua, akairudisha cheni kwa mikono yake hadi ikajaa grisi. Kijana mwingine, upande wa pili wa barabara, alitoa simu kwanza.

Wengi mmeitazama video hiyo bila sauti. Fungueni sauti. Huyo mama anacheka. Hakuna kilio pale. Anacheka mpaka kitambaa kinamtoka kichwani, na mzee anamwambia kwamba alimwonya asile mahindi mengi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baadaye. Kufikia saa mbili usiku hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Mmoja wetu, tena mtu ninayemheshimu kwa maombi yake, aliandika kwamba Mungu amewaangusha kwa sababu siku hiyo kulikuwa na maombi ya mchana na wao wakaenda kutalii. Mwingine akasema ni roho ya ajali inayofuatilia ukoo huo, wakombolewe. Wa tatu hakusema waziwazi. Aliuliza tu: wazee wawili wanatafuta nini kwenye majani chai kila wiki, asubuhi, mahali pasipo na nyumba? Halafu akaweka zile alama za macho.

Hebu tuanze na yule wa kwanza na wa pili. Luka 13 mstari wa 4, Bwana Yesu mwenyewe ndiye anayeleta habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa. Aliwauliza watu kama wanadhani wale 18 walikuwa na hatia kupita wakaaji wengine wote wa Yerusalemu, naye akalikataa wazo hilo. Watu 18 chini ya mawe, na Bwana hakuliita tukio lile ushahidi wa dhambi zao. Aliwageuzia wasikilizaji waangalie maisha yao wenyewe. Wewe umepata wapi ujasiri wa kukifanya kiwiko kilichochubuka kuwa hukumu ya mbinguni?

Tena soma Matendo 28, kuanzia mstari wa 3. Paulo ameokoka kwenye meli iliyovunjika, yuko Malta, anaokota kuni za kuota moto, nyoka anamshika mkono. Wenyeji, watu wakarimu kabisa waliowawashia moto huo, mara moja wakasema: huyu ni muuaji, haki imemfuata. Wakangoja avimbe. Hakuvimba. Basi wakageuka wakasema ni mungu. Hukumu mbili kwa muda mfupi, na zote mbili za uongo. Kilichotokea ni kwamba baridi ilikuwa kali, kuni zilikuwa na nyoka, na moto ulimtoa. Kwetu pia udongo ulikuwa na maji na mtaro ulikuwa na kina. Mimi ni Mpentekoste, naamini mapepo yapo na nimeyaombea yakatoka. Lakini pepo hahitajiki kueleza kwa nini tairi huteleza kwenye tope.

Yule wa tatu ndiye aliyeninyima usingizi.

Ninyi ni watu wa Gusii, sina haja ya kuwafundisha swali kama lile linaweza kuishia wapi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo. Wanne. Mama za watu. Mambo hayo hayaanzi na petroli. Huanza na mtu kujiuliza kwa sauti mbona yule mzee hutoka mapema, mbona yule bibi anatembea peke yake, mbona wanaonekana wana nguvu kuliko umri wao. Neno omorogi halisemwi siku ya kwanza. Siku ya kwanza watu wanacheka tu. Siku ya kumi mtoto wa mtu anafariki ghafla, na sasa kicheko kile kina mahali pa kwenda.

Kwa hiyo usiniambie ulikuwa utani. Wewe uliyeweka alama za macho, nimekupigia simu, tumezungumza, na umefuta. Nashukuru. Lakini ujumbe ulikuwa umesambazwa kwenye magrupu mengine matatu ninayoyajua mimi, na huko hakuna mchungaji.

Tena fikirini jambo hili. Mzee anayejificha ndani ya nyumba miezi sita, asiyeonwa na mtu, ndiye mzee ambaye uvumi unaweza kumtengenezea sura yoyote. Mzee anayepita mbele ya duka kila Alhamisi na mkewe kwenye keria, anayesalimia watoto kwa majina, huyo si rahisi kumgeuza kuwa kitu cha kutisha. Zekaria 8:4-5 inaposimulia Yerusalemu iliyorejeshwa, mji ambao Mungu amerudi kukaa ndani yake, haianzi na majengo. Inataja wazee wanaume na wazee wanawake wakiwa wameketi katika njia za mji, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku zake, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia hizo hizo. Wazee wako nje, mahali watu wanapopita. Ukitaka kujua kama Kebirigo ni mahali ambapo Mungu amerudi kukaa, angalia kama mzee anaweza kutoka nje ya boma lake bila mtu kumuuliza anatafuta nini.

Kuna pingamizi lingine, na hili nalichukua kwa uzito kwa sababu limeletwa na watu wazima wenye nia njema. Wanasema: mchungaji, sisi tuna chinsoni. Mama hawezi kukaa nyuma ya baba, amemshika kiunoni, na mkwe wake anapita njia hiyo hiyo.

Mimi nimelelewa katika chinsoni. Ninajua nisikae wapi, nisiseme nini mbele ya wazazi wangu, nani nimpishe njia. Sidharau. Adabu hiyo imelinda nyumba nyingi, na natamani baadhi ya vijana wangekuwa na robo yake. Lakini tuulizane kwa haki. Mama huyo huyo alipokaa kwenye keria hiyo hiyo miaka 30 iliyopita, amembeba mtoto mwenye homa, amemshika mume wake kiunoni ili asianguke, nani alisema ni aibu? Hakuna. Alipokaa juu ya gunia la mahindi kwenda kusaga, nani aligeuza uso? Hakuna. Kwa hiyo mkono ni ule ule na kiuno ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule walikuwa wanafanya kazi, na leo wanafurahi. Basi tusiisingizie mila. Kinachotuudhi ni furaha yao, tena furaha isiyokuwa na harusi wala sherehe wala bonasi ya majani, ya siku ya kawaida tu.

Hapo ndipo sisi kanisa tunapaswa kujichunguza. Tumefundisha ndoa kwa vijana: semina za wachumba, semina za miaka mitano ya kwanza. Halafu mtu akifika miaka 60 tunamhamishia kwenye idara ya maombezi na kumfundisha kufa vizuri. Mume anakaa upande wa wazee, mke anakaa na kina mama, wanaonana wakati wa kula. Nimezika waume ambao wake zao waliniambia kando ya jeneza kwamba hawakumbuki mara ya mwisho walipozungumza jambo ambalo si ng'ombe, karo au ugonjwa. Hayo sikuyasoma kitabuni.

Fungua Mwanzo 26:8. Isaka yuko Gerari, amesema Rebeka ni dada yake kwa kuogopa watu. Muda mrefu unapita na uongo unashika. Halafu siku moja mfalme Abimeleki anachungulia dirishani na kumwona Isaka akicheza na Rebeka, na papo hapo anajua: huyu ni mke wake. Isaka alioa akiwa na miaka 40, Mwanzo 25:20, hakuwa kijana wa juzi. Na kilichowafichua si cheti cha ndoa wala pete. Ni mchezo. Mtu aliyekuwa mbali, dirishani, aliona wanavyocheza akajua kuna agano hapo. Nauliza tu: mtu akichungulia dirishani kwako leo, atajua ninyi ni mume na mke, au atadhani ni wapangaji wawili wanaogawana jikoni?

(Najua mnangoja nihubiri Mhubiri 4, mahali panaposema wawili ni heri kuliko mmoja kwa kuwa mmoja akianguka mwenzake atamwinua. Sitahubiri. Kwenye baiskeli moja wote wawili huanguka pamoja. Siku hiyo uzi wa tatu alikuwa yule kijana wa bodaboda, na Bwana ambariki.)

Wengine wameandika kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Nairobi kwenye msitu wa Karura, nikubali, nimeona watu wamevaa kofia ngumu na suruali za kubana wakiendesha baiskeli kwenye vijia, na kule Hell's Gate karibu na Naivasha wageni hukodi baiskeli wapite kati ya pundamilia. Lakini baiskeli ya wazee wetu haikutoka huko. Baba zetu walibebea maziwa na pareto kwenye hizo hizo Black Mamba. Hata neno bodaboda linatokana na baiskeli: vijana wa Busia waliokuwa wakivusha watu kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda, wakiita "boda, boda", kabla ya pikipiki kuja. Hiki ni chombo chetu. Na kama kupumzika na mkeo ni mambo ya wazungu, basi na Isaka naye alikuwa mzungu.

Sasa naja kwenu, watoto wa wazee hawa na wengine kama wao. Mwana wao wa kwanza alinipigia kutoka Nairobi Ijumaa asubuhi. Aliongea kwa heshima. Akasema: mchungaji, mwambie mzee aiuze, mimi nitamtumia nauli ya boda akitaka kwenda mahali. Nilimwelewa. Anaogopa nyonga ivunjike, na hofu hiyo si ya kijinga. Mzee akivunjika nyonga huenda asiamke tena kitandani. Lakini nilimuuliza: ni mahali gani anapokwenda? Akanyamaza. Kwa sababu hawaendi mahali. Wanatoka, wanakaa darajani, wanarudi. Nauli ya boda hainunui hilo. Na kwenye boda mama hawezi kumwambia mumewe habari za chai ya jirani, kijana asikie.

Tunawapenda wazazi wetu kwa njia ya kuwafungia. Tunajenga nyumba nzuri ya mawe, tunaweka televisheni, tunaajiri msichana wa kazi, na kisha tunapiga simu kila jioni kuuliza kama wamekaa. Wamekaa, ndiyo. Sukari inapanda, shinikizo la damu linapanda, magoti yanakauka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima, hata aliyepita miaka 65, ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 150 kwa wiki, na wazee wafanye pia mazoezi ya kujimudu wasianguke ovyo. Hawa wawili walikuwa wanakaribia kiasi hicho bila kumlipa mtu, kwa mahindi ya kuchemsha na kusukuma baiskeli mlimani. Ukimkataza mzazi kutoka, mwambie pia atafanya nini badala yake. Usiseme "apumzike". Amepumzika vya kutosha.

Sisemi wapande kiholela. Nimezungumza na mzee kama mwana na baba, naye amekubali mambo kadhaa, mengine kwa shingo upande. Barabara ya lami ya Nyamira kwenda Chemosit hawataigusa. Magari na pikipiki za pale hazina subira na mtu yeyote, sembuse mzee. Usiku ukinyesha, siku inayofuata wanatembea kwa miguu, baiskeli inabaki. Kwenye mteremko mama anashuka, hata kama ni mteremko mdogo, maana uzito wa nyuma ndio uliowashinda pale kwenye mtaro. Simu iwe na chaji na mtu mmoja nyumbani ajue wameelekea wapi. La breki alibisha sana. Anasema raba zake bado ni nzuri. Fundi amezitazama na kusema zimeisha hadi chuma.

Mama yeye alikuwa na sharti moja tu: hatakaa tena juu ya gunia, anataka kiti cha keria chenye sponji kama walichonacho wenzake wa zamani. Mzee akasema hilo ni gharama. Mama akasema gharama ni kiwiko. Nikaona niage.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wale wa umri wa miaka 60 na zaidi mlio na wenzi wenu, msikimbilie kwenye magari. Tutabaki nusu saa, mume aketi na mkewe, kina mama wa jikoni watatupa chai. Hakutakuwa na somo. Wajane na wagane nanyi mje. Nimewaomba vijana wawatembeze hadi kiwanda cha chai na kurudi, kwa mwendo wenu. Mwenye ile video kwenye simu yake aifute leo, na kama aliituma mahali, aandike hapo hapo kwamba wazee wako salama na ni washirika wetu. Raba mbili za breki na kiti cha sponji vimeshalipiwa, viko kwa fundi pale sokoni. Nani kati yenu vijana anapita njia hiyo kesho asubuhi avifikishe?